Kutafuta Kwale na Kanga Kandokando ya Nairobi: Ardhi ya Umma, ya Jamii na Shamba la Mtu

Mvua ikikatika na nyasi zikianza kukauka, maswali huja yale yale. Je, naweza kuwinda kwale kwenye shamba la babu, maadamu shamba ni letu? Nimezunguka msitu wa Karura asubuhi nzima sijaona hata unyoya, kwale wanakaa wapi? Na ule uwanda wa Kitengela usio na ua, mtu akiingia tu kwa miguu kuna ubaya gani? Nimeyakusanya majibu yote hapa kwa ajili ya anayeanza kabisa, aliye na asubuhi moja ya Jumamosi na hamu ya kuwaona ndege wa ardhini: kwale, kanga, kware na firigogo, yule wa ukame mwenye umbo la njiwa. Ninaposema kwale ni yule mkubwa anayelingana na kuku mdogo, mkimbiaji wa vichakani. Kware ni yule mdogo wa ngumi moja, ambaye nduguze wa kufugwa tunawajua kwa mayai yao.

Tuanze na la bunduki ili lisiturudie njiani. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeufanya uwindaji wa burudani kuwa kosa. Sheria hiyo inatumika kwenye ardhi ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi sawasawa. Hati miliki inakupa udongo, mazao na mifugo yako. Haikupi kwale aliyetaga chini ya mgunga wako. Manati, mitego ya kamba na mbwa wa kufukuza viko kundi moja na bunduki. Vilevile, leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ya kufuga kware, ambayo wengi waliikimbilia wakati wa ile shauku ya mayai ya kware ya 2013 na 2014, haimruhusu mtu kukamata kware wa porini.

Najua wengi mmesoma miongozo ya Marekani na Uingereza, ambako kwale na jamaa zake huwindwa kwa leseni na kwa msimu. Huko Montana kuna mpango uitwao Block Management ambao wenye mashamba huutumia kuwafungulia wawindaji ardhi yao, na Uingereza msimu wa ndege wa nyanda za juu wa rangi ya kutu, red grouse, hufunguliwa tarehe 12 Agosti. Yapo mambo mawili ya wawindaji hao yanayotufaa sana: kusoma ardhi, na kubisha hodi kwa mwenye shamba. Hayo tutayachukua. Mengine tuwaachie.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

Darubini ya 8x42. Namba ya kwanza ni ukubwa wa kukuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu hupenda 10x wakidhani kubwa ndiyo bora, lakini mkono hutetemeka, eneo unaloliona hupungua, na kwale anayekimbia hukupotea kabla hujamshika. Kama huna, nenda kwanza na mwenye nayo.

Nguo za rangi iliyofifia: kahawia, kijani cha majani makavu, kijivu. Usivae kabisa nguo za madoadoa ya kijeshi, zile watu huita jungle. Hapa kwetu raia kukutwa nazo ni kesi, hata kama ulizinunua mtumba kwa nia njema.

Viatu vilivyofunika kifundo na soksi ndefu, suruali imechomekwa ndani ya soksi. Kupe wa nyasi za ng'ombe hawana huruma, na moma, nyoka mwenye sumu, hulala kwenye njia yenye joto bila kukimbia.

Simu yenye ramani iliyopakuliwa, maana upande wa Magadi, kusini-magharibi ya Nairobi, mtandao hukatika. Weka pia programu ya Merlin ya kusikiliza sauti, na BirdLasser ya kuandikia kumbukumbu. Zote mbili ni za bure.

Maji, kofia, kitambulisho, na pesa kwenye simu. Mbuga za KWS hazipokei noti langoni. Unalipa kupitia eCitizen, mfumo wa Serikali wa malipo mtandaoni. Fungua akaunti nyumbani usiku uliotangulia, si pale langoni saa kumi na mbili na nusu huku foleni ya magari ikikupigia honi.

Hatua

1. Mjue mwenye ardhi kabla ya kumjua ndege.

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu mambo. Katiba ya 2010 inaigawa ardhi ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Kila fungu lina mlango wake.

Ardhi ya umma iliyo karibu nasi ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi inayosimamiwa na KWS, Msitu wa Karura na vilima vya Ngong chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na eneo la kale la Olorgesailie kwenye barabara ya Magadi, lililo chini ya Makavazi ya Taifa. Kuwa ya umma hakumaanishi unaingia kama sokoni. Kuna lango, ada, saa za kufungua na kufunga, na kanuni zilizobandikwa ubaoni. Uzuri wake ni kwamba kanuni ni zile zile kwa wote: ukilipa na kuzifuata, hakuna wa kukuuliza wewe ni nani.

Ardhi ya jamii utaikuta ukishuka Magadi, sehemu kama Shompole na Olkiramatian, ambako Wamaasai wametenga malisho na maeneo ya wanyama kwa mpango wao wenyewe. Hapa mwenye usemi ni kamati na wazee. Kijana mmoja uliyekutana naye barabarani hawezi kukupa ruhusa kwa niaba ya wote, hata akiwa na nia njema.

Halafu kuna mashamba ya watu: Kitengela, Athi River, Lukenya, mashamba ya kahawa ya Kiambu, ya chai ya Limuru. Kitengela inahitaji maelezo yake. Upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi hauna ua, na ng'ambo ya mto Mbagathi unaona uwanda umetandaa hadi macho yachoke. Mgeni hufikiri ni wa Serikali. Uwanda ule una wenyewe, kipande kwa kipande. Kuanzia mwaka 2000 baadhi ya familia pale zimekuwa zikilipwa kwa mpango maalumu ili zisijenge ua wala kuuza, wanyama wapate kupita. Kwa hiyo uwazi ule unaoufurahia umeachwa wazi kwa makusudi, na kuna familia iliyokubali kuacha faida ya kuuza viwanja. Kumkanyagia mtu kama huyo ardhi bila hodi ni utovu wa adabu kabla hata hatujaitaja sheria.

2. Anza na ardhi ya umma, na uanze na Mbuga ya Nairobi.

Ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 hivi, na kwa kwale hakuna mahali pepesi kuliko hapo karibu na jiji. Kwale wa kawaida zaidi ni yule mwenye ngozi tupu ya manjano kooni. Utamwona njiani mwenyewe bila kumtafuta. Kanga wenye kichwa cha pembe na madoa meupe hutembea kwa makundi. Kwenye nyasi kuna kwale wadogo wawili wanaoficha miili yao lakini hawafichi sauti, nao ni wale ambao vitabu huwaita Shelley na Coqui.

Ubaya wa mbuga kwa kazi yetu ni mmoja: huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizowekwa alama, kama pale penye kumbukumbu ya kuchoma pembe za ndovu au kwenye bwawa la viboko. Mwanzoni ubaya huo ni faida. Kwale haogopi gari kama anavyoogopa miguu miwili. Zima injini, shusha kioo, kaa kimya, naye atakuja kuokota changarawe mita chache kutoka kwenye tairi. Usishuke "kidogo tu" kupiga picha. Simba na nyati wa pale si mapambo, na nyasi za goti zinatosha kumficha simba aliyelala.

Kama huna gari, jiunge na Nature Kenya. Ni chama kilichoanza mwaka 1909, na matembezi yake ya Jumatano asubuhi huanzia Makavazi ya Taifa. Wanachama wenye magari huwabeba wasio nayo. Utajifunza kwa wazee wa kazi hii mambo ambayo simu haitakufundisha.

Karura ni msitu ninaoupenda na ninaotaka kila mtu autembelee. Upo leo kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 watu, Wangari Maathai akiwa mbele, walikataa ugawanywe viwanja. Lakini usiende Karura kutafuta kwale wa mbugani. Miti imefunga, nyasi ni kidogo, na mwishoni mwa wiki njia zimejaa baiskeli na wakimbiaji. Kwale wa misitu ya nyanda za juu yupo wa aina yake, wa kahawia mwenye mdomo na miguu ya rangi nyekundu, msiri sana. Humpati kwa kutembea huku ukizungumza. Karura nenda kwa ndege wa juu ya miti.

3. Jifunze sauti nne kabla ya kujifunza sura kumi.

Ndege hawa utawasikia mara nyingi kuliko utakavyowaona. Kwale wa koo la manjano hupanda kichuguu au tawi kavu alfajiri na kukwaruza, sauti nzito ya kukauka inayoanza juu na kushuka. Shelley hupiga mluzi wa noti nne, safi, unaorudiwa kutoka ndani ya nyasi. Coqui husema neno la silabi mbili kwa bidii, mara nyingi mfululizo. Kanga hupiga kelele za kukatakata, hasa jioni wakipanda mitini kulala. Sikiliza hizo nne nyumbani mpaka uzitambue ukiwa unaosha vyombo, ndipo utoke.

Onyo: usizicheze sauti hizo porini kwa spika ili kumwita dume. Akidhani mwenzake kaingia mpaka wake, ataacha kula na kuacha kulinda familia aje kupigana na simu yako. Mara moja inakera. Ikiwa kila mgeni wa wiki anafanya hivyo kwenye kichaka kile kile, ndege atahama.

4. Fika na jua, na ufuate barabara ya murram.

Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kisingizio cha msimu. Saa ya kwanza baada ya kuchomoza ndiyo yenye thamani. Usiku nyasi hulowa umande, na kwale hapendi kulowa. Hutoka hadi njiani, mahali pakavu, ajianike, aokote changarawe za kusagia chakula tumboni, ajimwagie vumbi kuua wadudu. Endesha au tembea polepole ukiangalia mbele, mbali, kingo zote mbili za njia. Ikifika saa tatu jua limekuwa kali na wamerudi vichakani. Wanaoingia mbugani saa nne baada ya chai ndio wanaorudi wakisema kwale wameisha.

Miezi nayo ina tofauti. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, nyasi ni fupi na macho yanafika mbali. Mvua za masika na za vuli huleta kware wa mwituni, ambao husafiri wakifuata nyasi changa, lakini nyasi hizo hizo huwaficha. Baada ya mvua ndege wengi wa ardhini hutaga, kwa hiyo ndio wakati wa kubaki njiani zaidi na kukanyaga nyasi kidogo.

5. Omba ruhusa ya shamba kama mtu, si kama mtalii.

Ukishawajua ndege mbugani, hapa ndipo raha inapoanza. Kwenye shamba la mtu au ardhi ya jamii unaweza kutembea kwa miguu, na kwale unayekutana naye ukiwa kwa miguu ni kwale mwingine kabisa.

Tafuta jina la mwenye shamba kabla ya kwenda. Muulize muuza duka wa karibu, fundi wa maji, au chifu. Mpigie au umtumie ujumbe siku kadhaa mapema. Usifike Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, wala jioni ng'ombe wakirudi bomani, kwani saa hiyo kila mtu ana kazi. Ujumbe usiwe mrefu:

"Habari za asubuhi, mzee. Naitwa fulani, nakaa Rongai, namba yako nimepewa na Mama fulani wa dukani. Napenda kuangalia ndege, hasa kwale na kanga, na nimesikia shambani kwako wapo. Naomba ruhusa Jumamosi ijayo asubuhi nitembee kwa muda wa saa mbili na mwenzangu mmoja. Hatuji na bunduki wala mbwa, hatukati kitu. Ukiona haifai, hakuna shida, nashukuru."

Taja mambo manne daima: nani amekuelekeza, siku gani, watu wangapi, na kwamba huna silaha. Hilo la mwisho ndilo linalomtuliza mtu, maana mgeni mwenye darubini anayezungukazunguka shamba hufanana na mpimaji wa ardhi au mwizi wa mifugo. Kitengela watu wamegombania mipaka kiasi cha kutosha. Ukichukuliwa kuwa dalali, hutapata kwale wala amani.

Ukifika, salimu kwanza. Kwa Wamaasai, "sopa" moja ya moyoni hufungua mengi. Kilo mbili za sukari na majani ya chai kwa mama wa boma ni heshima inayoeleweka, na si malipo. Ikiwa familia inatoza ada ya kuingia, lipa bila kubembeleza. Ukiambiwa uende na kijana wao, mchukue na umlipe siku yake. Anajua simba walipita wapi usiku, na Kitengela simba hutoka mbugani kweli.

Onyo kubwa la hatua hii: lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, huenda ng'ombe wanategemewa kupita kwenda majini. Hakuna kosa dogo linalowafungia wageni wote wanaokuja nyuma yako kama hili.

Ruhusa uliyopewa ni ya siku hiyo na ya watu hao. Usimlete rafiki mwingine wiki inayofuata kwa kusema "mzee ananijua". Na usibandike mtandaoni mahali pa shamba pamoja na picha bila kumuuliza.

6. Tembea ukingo, simama mara nyingi.

Waliowinda ndege hawa kwa vizazi wanajua hili vizuri, na sisi tuwasikilize. Kwale haishi katikati ya uwanda mtupu wala katikati ya msitu. Anaishi kwenye mshono: nyasi zinapokutana na vichaka, shamba la mahindi linapopakana na pori, kingo za korongo, mstari wa migunga midogo yenye vinundu wanamokaa sisimizi. Anataka chakula upande mmoja na maficho upande mwingine, hatua chache tu.

Fuata mshono huo kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Tembea hatua ishirini, simama dakika nzima. Ukitembea bila kusimama, kwale hulala chini akidhani unapita zako. Ukisimama, hupoteza subira na kutoka. Mara nyingi atakimbia kwanza kichwa kimenyooka. Akibanwa ndipo anaruka ghafla kwa kishindo cha mabawa, anaenda mita hamsini au mia, anatua na kuendelea kukimbia.

Akiruka, usimfuate kumrusha tena. Mara ya kwanza umemshtua, mara ya pili umemchosha, mara ya tatu amekuwa chakula cha mwewe aliyekuwa akikutazama. Na ukimwona kwale anajikokota akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, simama hapo hapo, angalia miguuni mwako, urudi nyuma kwa nyayo zile zile ulizokuja nazo. Kuna vifaranga au kiota karibu.

7. Kwa firigogo, keti kwenye maji.

Firigogo hatafutwi kwa kutembea. Ni ndege wa ukame, mwenye umbo la njiwa, na rangi yake ni ya udongo kiasi kwamba utamkanyaga kabla hujamwona. Lakini lazima anywe. Shuka barabara ya Magadi hadi maeneo ya Olorgesailie au zaidi, uliza wenyeji maji yaliyobaki yako wapi, na keti mbali kidogo, chini ya mti, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Utawasikia angani kabla ya kuwaona. Dume huloweka manyoya ya tumbo na kuwabebea vifaranga maji kwa kilomita nyingi. Ukimwona ameketi majini muda mrefu huku akijitikisatikisa, ndicho anachofanya.

Usisogee kwenye ukingo wa maji kwa ajili ya picha. Wakizunguka mara mbili na kuondoka bila kunywa, umewanyima wao na vifaranga vyao kinywaji cha siku. Na kumbuka kwamba maji hayo hayo ni ya mbuzi na ng'ombe wa watu: mifugo ikifika, wewe ndiye unayepisha.

8. Andika.

Kenya Bird Map ni ramani ya ndege wa nchi nzima inayojengwa na watu wa kawaida. Nchi imekatwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Ukikaa kwenye mraba mmoja saa mbili au zaidi, ukiandika kila aina ya ndege uliyoiona au kuisikia kwa mpangilio, orodha yako inahesabika kamili. Tumia BirdLasser, inatuma yenyewe.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya mashamba. Mbuga ina orodha nyingi. Shamba la mtu nyuma ya Kitengela au Isinya linaweza kukaa miaka bila mtu kuandika lolote, na likigeuzwa viwanja hakuna atakayejua kilichokuwapo. Mtumie mwenye shamba nakala ya orodha. Wazee wengi hufurahi kuona majina ya ndege wao yamehesabiwa, na ukirudi mwaka ujao, hodi yako itakuwa imekwisha itikiwa.

Ukikwama

Sijaona kwale hata mmoja mbugani. Angalia saa uliyoingia kwanza. Pili, angalia mwendo. Zaidi ya kilomita ishirini kwa saa unapita ndege bila kuwaona. Tatu, jaribu njia ndogo zenye vichaka badala ya barabara kuu ya kuelekea kwenye simba.

Namsikia ila simwoni. Usimwendee. Tafuta kwa darubini kila kitu kilichoinuka juu ya nyasi: kichuguu, jiwe, nguzo ya ua, gogo. Dume anayelia hupenda kuwa juu. Kama hakuna, subiri njiani, huenda akavuka.

Vilima vya Ngong ninavitamani lakini naogopa. Nenda kwa kikundi na uchukue askari wa msitu langoni akusindikize, ndiyo kazi yao. Pita asubuhi, na upepo ukiwa mkali usitarajie kusikia ndege wa nyasi. Siku hiyo shuka ukingo wa upande uliokingwa.

Wachungaji wamenisimamisha wakiniuliza ninapima nini. Shusha darubini, salimu, mtaje mwenye shamba kwa jina, kisha mpe mmoja wao aangalie kwa darubini. Kama huna jina la kutaja, uko mahali usipopaswa kuwa; omba radhi uulize njia ya kutokea.

Nimekuta mitego ya nyaya au watoto na manati. Usiing'oe mwenyewe ukiwa peke yako, hujui nani anatazama. Piga picha, weka alama kwenye ramani. Mbugani au msituni, mwambie askari. Kwenye shamba, mwambie mwenye shamba kabla ya yeyote mwingine, maana yeye ndiye atakayebaki na jirani huyo. Watoto wa manati waonyeshe ndege kwenye darubini yako. Wanajua viota vilipo kuliko wewe, na wengi wao wakipewa kazi ya kuonyesha hupoteza hamu ya kulenga.

Mwenye shamba amekataa. Shukuru na uondoke, usiulize sababu. Tuma salamu wakati wa mvua, uliza malisho yanaendeleaje, usitaje kwale. Akikataa tena msimu ujao, jaribu jirani yake aliye ng'ambo ya korongo. Kwale hawajui mpaka ule, na sauti zao utazisikia ukiwa upande uliokaribishwa.